Kama mko wawili kwenye kundi, andikeni mapema (yaliyonikuta mimi)

Juzi usiku kijana mmoja wa Bombolulu, hapa Mombasa, amenitumia meseji, asema yeye atengeneza biti na rafiki yake ndiye anayerap, wamemaliza ngoma tatu, sasa wafanyeje wafike mbali. Nlitaka nimjibu mistari miwili nilale. Usingizi haukuja. Nkaona heri niandike hapa kwa sababu wengi wenu huko huko ndiko mnakotaka kwenda, na mimi huko nshaenda nkarudi.

Nianze na wakubwa. Eric B. na Rakim, kundi la watu wawili la hip hop la Marekani. Kama wafanya hip hop na hujawasikiza, wacha kusoma, nenda kawasikize kwanza. Eric Barrier alikua DJ wa Queens huko New York, atafuta mtu wa kurap, akapelekwa kwa kijana wa Wyandanch, Long Island, aitwa William Griffin, ndiye huyo Rakim, kijana apiga saksafoni na ampenda John Coltrane. 1986 wakatoa "Eric B. Is President", 1987 ikaja albamu "Paid in Full". Wakati ule marapa wengi walikua wapiga makelele, Rakim akaja ametulia kama mtu azungumza barazani, na vina vyake havikukaa mwisho wa mstari peke yake, viko katikati, vyapokezana. Sisi watu wa pwani tumelelewa na mashairi, vina vya kati na vina vya mwisho twavijua tangu madarasani, ndio mana nlipomsikia mara ya kwanza nlihisi huyu mtu namjua. Alafu kwenye ile ngoma yenyewe ya "Paid in Full" atia mkono mfukoni hapati kitu, na chakula akipendacho ni samaki. Samaki! Nlikua na miaka 16 nkasema huyu ni wetu.

Albamu nne tu: 1987, 1988, 1990, 1992. Kisha wakavunjika. Kila mmoja alitaka kufanya albamu yake peke yake, ikahitajika mwenzake atie sahihi ya kumruhusu, Eric B. akakataa kutia kwa sababu aliogopa Rakim atamuacha. Wakaingia kwenye kesi. Rakim, mtu ambaye marapa wote waliokuja nyuma yake wamesoma kwake, albamu yake ya kwanza peke yake ilitoka 1997. Hesabu mwenyewe hiyo miaka. Na mpaka leo watu wabishana ile ngoma ya kwanza nani hasa aliitengeneza, Eric B. au Marley Marl, prodyuza aliyewarekodi. Waliporudi pamoja jukwaani, ukumbi wa Apollo, Harlem, New York, Julai 2017, "Paid in Full" ilikua yatimiza miaka 30 na wao ni watu wazima na ndevu zao.

Kwenye stori yangu mimi ndio nlikua Eric B.

Biti zangu, kompyuta yangu niliyoinunua kwa pesa ya kubeba mizigo soko la Kongowea. Mwenzangu ndio sauti. Tulirekodi chumbani kwa mamangu Kisauni, magodoro mawili tumeyasimamisha ukutani, feni imezimwa isiingie kwenye maiki, jasho lateremka, na muadhini akianza twasimamisha kila kitu mpaka amalize. Ngoma ya pili ikapigwa kwa matatu za Kisauni mpaka makanga wakawa waijua yote, na nasema hivi kwa kujivunia, biti ile mpaka leo sijaisikia ya kuipiku hapa Mombasa. Miaka mitatu hapo naruka, ni shoo na kungoja kulipwa.

Pesa tuligawana kwa macho. Leo yeye apata zaidi kwa sababu mamake mgonjwa, kesho mimi kwa sababu kompyuta imekufa. Hakuna kilichoandikwa, kila mtu ahesabu kichwani, na kila kichwa kina hesabu yake.

Alafu siku moja akaja na karatasi. Mtu wa Nairobi amtaka arekodi peke yake, na ngoma zetu mbili zaingia humo, kwa hivyo yatakikana sahihi yangu. Kurasa mbili. Akaziweka juu ya kinanda, akatoa biki mfukoni akaiweka juu yake, akakaa kwenye ile ndoo ya rangi tuliyokua twaikalia, akanyamaza. Mimi nkachukua kikombe changu cha chai nkakiweka juu ya karatasi. Nkamwambia, "Ntaisoma." Akasema, "Sawa, ndugu yangu."

Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila akiuliza namwambia bado. Na nlikua nshaisoma usiku ule ule. Haikua na ubaya wowote. Nliogopa tu akienda hatorudi.

Yule mtu wa Nairobi akachoka. Mwenzangu akapata kazi ya ulinzi Doha. Nlimzuia asipande basi, akapanda ndege.

Sasa wewe kijana wa Bombolulu, andikeni. Usiku huu huu, kabla ngoma haijajulikana, mana mali bila daftari hupotea bila habari. Nani katengeneza biti, nani kaandika mistari, kila mtu asilimia ngapi, pesa zaingia simu ya nani na atagawa lini. Kila ngoma na karatasi yake. Na muandike sasa mmoja akitaka kuimba peke yake itakuaje, msiseme sisi ni ndugu, sisi pia tulikua ndugu. Mwenzako akitaka kwenda, tia sahihi aende. Andikeni, nasema tena.

Na huyo anayerap mwambie nae, asikuletee karatasi imeshachapwa tayari. Hilo liliniuma na laniuma mpaka sai. Angenita kwanza kwenye kahawa akanambia kwa mdomo.

Ile karatasi ninayo, ina duara la kikombe kwenye ukurasa wa kwanza. Baada ya hiyo meseji ya juzi nliitoa nkaitia sahihi, miaka 11 imepita, nkaipiga picha nkamtumia Doha. Alijibu alfajiri. "Nimeiona. Mama akusalimia."