Kabla ya Kumpa Jitu Kinga, Tafuta Sindano Yake

Wewe unayejiandaa kuendesha Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, kwa mara ya kwanza, nikuanzie na kosa langu. Tulikuwa chumbani kwa mwenzetu Wandegeya, Kampala, wachezaji wanne, dadu mezani, rolex, zile chapati za kuviringishwa na mayai, zimeshaliwa. Nikawaletea golemu wa chuma, sanamu lililotiwa uhai kwa uchawi. Dada mmoja, ambaye mhusika wake ni mchawi, akatupa mpira wa moto, dadu nane zikatoa 27. Nikasema, "Hakuumia," nikaendelea. Raundi iliyofuata akatupa wa pili. Kumbe kwa kanuni za toleo la tano, lile la 2014, golemu huyo haumizwi na moto, tena moto unamrudishia uhai. Dada wa watu alikuwa anamtibu adui, nami nimekaa kimya nikidhani natunza siri. Alipojua alifunga daftari lake, akasema anawahi boda kabla ya mvua.

Tangu siku hiyo sifichi kinga. Nasema: "Chuma kinakuwa chekundu, nyufa za kifuani zinajifunga." Basi, anayesikiliza ameshajua.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mwenye usugu hupata nusu ya madhara, na nusu ya ziada ikitokea katika kugawanya inatupwa: 27 inakuwa 13. Mwenye kinga hapati kitu. Mwenye udhaifu hupata mara mbili. Vya kuongeza na kupunguza vimalizwe kwanza, ndipo ugawanye. Na mtu mwenye usugu wa moto kwa asili yake, kisha akavaa pete ya usugu wa moto, bado anapata nusu, si robo, hata akikulilia.

Kazi iko kwenye maneno. Katika kundi letu yumo kijana wa Lamu, na ndiye aliyetupa kipimo tunachokitumia mpaka leo: Fumo Liyongo. Kwamba hakuna silaha iliyomwingia ila sindano ya shaba kitovuni, hilo wengi wanalijua. Lakini Liyongo huyohuyo alitiwa gerezani, pingu zikamshika, mpaka mama yake akamfichia tupa ndani ya mkate wa wishwa. Mwili usioingia mkuki ulikuwa unafungika kama wa mtu yeyote.

Na mchezo ni hivyohivyo: kinga ya madhara ina mstari wake, kinga ya hali, kama kuogopa au kupooza, ina wake. Zombi anayo yote mawili kwa sumu: haimpunguzii uhai wala haimlegezi. Golemu wangu wa chuma haogopi, hapoozi, hageuki jiwe. Lakini orodha yake haitaji kuangushwa chini wala kunaswa. Wachezaji wangu wangeleta kamba badala ya moto, jioni ile ingekuwa nyingine.

Uliza pia kinga inazuia kitu kutoka wapi. Mtu-mbwamwitu wa toleo la 2014 hadhuriki kwa mashambulizi ya silaha za kawaida zisizopakwa fedha. Siku moja wakamsukuma kutoka juu ya ukuta wa futi 40. Mmoja akapinga kwamba kuanguka ni kugongwa tu, na kugongwa hakumdhuru. Nilisoma upya: imeandikwa mashambulizi. Ardhi haimshambulii mtu. Nikarusha dadu nne za pande sita, moja kwa kila futi 10, na hakuna aliyebisha tena.

Ukikutana na wazee wa toleo la 3.5 la mwaka 2003, usishangae wakibishana kwa lugha nyingine. Kwao golemu alikuwa na kinga dhidi ya uchawi unaoweza kuzuiwa na usugu wa uchawi, ambao kwao si wa nusu bali ni wa kuufanya uchawi usishike, ila si uchawi wote uliozuilika hivyo. Mshale wa asidi ulimpata, kwa sababu uchawi uliishia kuita asidi, na iliyomchoma ilikuwa asidi kweli. Mimi naona hoja hiyo ni tamu kuliko kanuni za 2014, lakini inakula muda.

Ukitunga jitu lako mwenyewe, andika sindano kwanza, kinga baadaye, na dokezo la sindano uliweke zaidi ya mahali pamoja, maana moja watalipita wakipiga soga. Niliwahi kumpa adui mkuu wa mwisho kinga ya kila kitu nikiona ndiyo ukali. Baada ya saa moja walikuwa kwenye simu zao.

Sasa napenda zaidi rakshasa wa toleo la 2014, pepo mbaya mwenye kichwa cha chui. Uchawi wa ngazi ya sita kushuka chini haumgusi wala haumtambui, mpaka atake mwenyewe. Lakini silaha ya kichawi yenye ncha ya kudunga, mkononi mwa mtu mwema, inamdhuru mara mbili. Nilipomleta, kijana wa Lamu alicheka peke yake, akauliza nani ana sindano. Mhusika mwizi akachomoa kisu chake cha kichawi. Tukabishana nusu saa kama mwizi yule ni mtu mwema.