Jibu: Fundi wa majahazi kuwania udiwani Mkomani bila chama

Ndugu, umeuliza kama seremala wa majahazi aliyesimama na wavuvi siku zote anaweza kuwania udiwani wa wadi ya Mkomani, Lamu, bila chama. Anaweza, Katiba imempa njia. Kwanza aingie eCitizen, huduma za Msajili wa Vyama vya Siasa, aone kama jina lake halimo chamani. Wengi hujikuta wameandikishwa bila kujua. Likiwamo, ajiuzulu kwa barua na abaki na nakala yenye muhuri: mgombea huru lazima awe nje ya chama angalau miezi 3 kabla ya kura, na kura ni Agosti 10, 2027.

Udhia wenyewe uko kwenye saini. Zinatakiwa za wapiga kura 500 wa wadi hiyo hiyo. Hapa kwetu mtu hulala Mkomani na kura yake iko Faza, wadi nyingine, huyo hahesabiki. Basi akusanye 700, na kila jina alilinganishe na daftari la wapiga kura. Tafadhali asilipe vijana kwa kila saini, hapo ndipo majina ya kubuni huingia. Ada ya kuwania udiwani, inayolipwa kwa tume ya uchaguzi (IEBC), mwaka 2022 ilikuwa shilingi 5,000.

Wavuvi nao waambiwe mapema: Bandari ya Lamu iko chini ya serikali kuu, diwani hupigania bajeti ya kaunti.