Usiiambie Zabbix ifuatilie kila kitu

Ukiweka Zabbix au Nagios, programu za kufuatilia seva na mtandao, kwa mara ya kwanza utatamani kuwasha vipimo vyote vilivyomo. Jizuie. Mtu anayeamshwa usiku kwa mambo yasiyo na madhara huzoea kupuuza tahadhari, na ile ya kweli itampita.

Anza na huduma ambayo watu wanaitumia, kisha urudi nyuma. Tuseme ni mfumo wa malipo wa hospitali. Karani akibofya, ombi lake linapita kwenye swichi, DNS (inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP), seva ya wavuti kwenye poti 443, kanzidata ya MySQL kwenye poti 3306, hadi kwenye diski. Chora njia hiyo kwenye karatasi. Kinachoweza kumkwamisha karani ndicho kipige kengele, na kiwe na mtu wa kukishughulikia. Vingine virekodiwe tu kwenye grafu.

Ping, yaani kuuliza tu kama seva ipo mtandaoni, haitoshi. Seva hujibu ping vizuri tu huku MySQL imezimika. Agiza Zabbix ifungue ukurasa wenyewe na kupima umechukua sekunde ngapi.

Kwenye diski, wengi huangalia asilimia iliyojaa na kuishia hapo. Linux hutumia inodi moja (rekodi ya taarifa za faili) kwa kila faili, na kwenye ext4 idadi ya inodi hupangwa diski inapoumbizwa. Programu inayozalisha mamilioni ya vifaili vidogo huzimaliza, na mfumo ukakataa kuandika ukidai nafasi imekwisha, ilhali amri ya df -h inaonyesha gigabaiti tele. Jibu utalipata kwa df -i, inayoonyesha inodi zilizobaki. Fuatilia vyote viwili.

RAM nayo hupotosha. Linux huitumia ile iliyo wazi kutunzia data za diski, kwa hiyo "free" kuwa ndogo si tatizo. Angalia MemAvailable, yaani RAM ambayo programu bado zinaweza kuipata.

Mtandao ndio unaohitaji umakini zaidi. Usifuatilie kila poti (tundu la waya) ya swichi, maana jioni wafanyakazi wakizima kompyuta utapokea tahadhari lukuki. Chagua zinazokwenda kwenye ruta, seva na swichi nyingine, na usisahau hesabu ya makosa, kwa kuwa waya mbovu huonekana hapo mapema. Kihesabio cha ifInOctets, kinachohesabu baiti zinazoingia kwenye poti, kina biti 32: laini ya gigabiti 1 kwa sekunde ikijaa, kinazunguka na kuanza sifuri kila baada ya sekunde 34 hivi. Ukipima kila dakika, grafu itakudanganya. Tumia ifHCInOctets chenye biti 64, kwa SNMP (itifaki ya kusoma vipimo kutoka kwenye vifaa vya mtandao) toleo la 2c au la 3, maana la 1 halikibebi.

Ongeza tarehe ya mwisho ya cheti cha TLS (kinacholinda mawasiliano ya tovuti) na umri wa bakapu iliyofanikiwa mara ya mwisho. Kisha weka kipimo kimoja nje ya jengo, kiiangalie Zabbix yenyewe na kutuma SMS bila kutegemea intaneti ya ofisi.