Kupanga nyumba Goma, chini ya Nyiragongo

Dada, unauliza kama upange Goma, mashariki mwa Kongo, na watoto baada ya mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa Mei 2021. Safari ile lava iliishia karibu na uwanja wa ndege. Ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Basi panga mbali na njia hizo. Ila mimi ningeogopa zaidi mazuku: hewa ya kaboni dioksidi inayotuama mabondeni, haionekani wala hainuki, na mtoto akiinama kuchezea shimoni anaweza kuzimia kimya kimya. Nyumba ya bondeni ikatae, hata kodi ikiwa ya kutupa. Maji ya mvua ya paani usiwanyweshe pia, moshi wa mlima huyatia floridi, kemikali inayoharibu meno ikizidi. Vyeti viweke kwenye begi moja, karibu na mlango, ili mlima ukilipuka mkimbie navyo.