Filamu bubu ya treni na mapenzi
Uliyeuliza ile filamu bubu ya treni, ambayo familia ya binti haimtaki kijana: nadhani unatafuta Our Hospitality ya mwigizaji mchekeshaji wa Marekani Buster Keaton, 1923. Wawili hao wanakutana ndani ya treni ya kizamani inayojikongoja, mpaka mbwa wa jamaa anaifuata mwendo wa mchakamchaka bila kuachwa. Kumbe koo zao zina uhasama wa damu! Baba wa binti na wanawe wanataka kumuua kijana, ila ni mwiko kumdhuru mgeni akiwa ndani ya nyumba yao. Basi jamaa akawa hatoki ng'o. Binti ni Natalie Talmadge, mkewe Keaton wakati huo, na dereva wa treni ni baba mzazi wa Keaton.