Usisubiri kiti cha magurudumu ndipo ubomoe mlango

Ndugu, umesema mama anahamia kwako, bado anatembea kwa mkongojo, na fundi anakushauri bafu na milango visubiri hadi atakapohitaji kiti cha magurudumu. Mimi nakusihi usisubiri. Kazi yangu ni kupanga vyumba vya ndani, na nimemuuguza baba baada ya kiharusi. Ugonjwa ule haupigi hodi, na mgonjwa akisharudi nyumbani hakuna anayetaka vumbi na kelele za nyundo.

Anza na vilivyomo ndani ya ukuta na sakafu, maana ndivyo vigumu kurudiwa. Mlango ubaki na uwazi wa sm 82 angalau, ukipimwa ukiwa umefunguliwa. Wengi hupima fremu, kumbe ubao wa mlango na bawaba vinakula sehemu yake, na anayejisukuma kwenye kiti cha magurudumu anachubuka vidole.

Bafuni ndiko kwenye kazi yenyewe. Mlango wake ufungukie nje au uteleze pembeni, kwa sababu mtu akianguka ndani, mwili wake huuzuia na mwokoaji hubaki nje anasukuma. Ukuta ulio kando na nyuma ya choo uimarishwe sasa hivi, hata kama vishikio utavifunga baadaye. Kitundikio cha taulo hakifai kabisa kushikiliwa badala yake: kishikio hubeba uzito wa mtu anayeteleza, hivyo skrubu zinahitaji kitu kigumu cha kung'ang'ania. Viwango vya Marekani huviweka vishikio vya mlalo kati ya sm 84 na 91 kutoka sakafuni. Ni mwanzo mzuri, lakini mkalishe mama chooni, ainuke, uone mkono unakimbilia wapi. Baba alibaki na nguvu mkono wa kushoto tu. Kishikio cha kulia kisingemfaa kitu hata kingefungwa kwenye kimo sahihi. Kwa hiyo imarisha pande zote unazoweza.

Pa kuogea pasiwe na ukingo, sakafu iteremke kidogo tu kuelekea tundu la maji. Nafasi ya kugeuzia kiti ni duara lenye kipenyo cha sm 150. Chumba kikiwa kidogo, ondoa kabati chini ya sinki, magoti yapate pa kupita.

Vitasa vya mpini ni bora kuliko vya duara, na vizulia vinavyoteleza viondoke. Hayo ni ya siku moja.

Rangi usiidharau. Choo cheupe juu ya vigae vyeupe mbele ya ukuta mweupe ni mtihani kwa macho ya mzee. Weka kiti cha choo cha rangi iliyokolea.

Kuna ndugu watakaokuambia nyumba itafanana na hospitali. Ronald Mace, msanifu majengo Mmarekani aliyeugua polio utotoni na kutumia kiti cha magurudumu, alitetea majengo yanayomfaa kila mtu bila kuonekana ya wagonjwa. Mlango mpana humfaa pia mwenye mtoto mgongoni na mbeba kitanda.

Fundi asianze kabla hujamuuliza mama mwenyewe usiku huamka kwenda wapi na hushika nini njiani. Swichi ya kwanza aifikie akiwa bado kitandani.