Mume wangu ameniacha episodi ya saba

Shikamoo Mama.

Nina miaka 29, naishi Mlandizi, nina mtoto mmoja. Mume wangu ni dereva wa semi, anabeba mizigo kutoka bandarini Dar kwenda Lubumbashi. Akipita hapa kwetu anapiga honi mara mbili, mtoto anatoka mbio hadi barabarani, kisha hatumwoni karibu mwezi mzima.

Tangu mwaka juzi tumekuwa na kitu chetu. Saa tatu usiku, popote alipopaki, tunafungua Netflix wote wawili, tamthilia moja ya Kikorea. Akishavuka Tunduma saa yake inarudi nyuma kwa saa moja, lakini bado anafuata yangu. Ananiandikia WhatsApp “tatu, mbili, moja”, tunabonyeza pamoja. Ikiisha tunatumiana sauti mpaka mmoja anapitiwa na usingizi. Tulikubaliana episodi moja kwa usiku, hakuna kuzidisha. Hata profaili tumeiita Sisi.

Safari hii tulikuwa tumefika ya saba kati ya 16. Alipofika Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, foleni ikakwama, akaniambia mtandao ni mbovu, tupumzike siku mbili. Siku ya tatu nikafungua simu, nikakuta ule mstari mwekundu uko episodi ya 12. Nikaingia kwenye historia: usiku mmoja aliangalia nne mfululizo. Nilipomuuliza akajibu, “Mke wangu, si tamthilia tu hiyo?” Shoga yangu ananiambia dereva haangalii mapenzi ya Kikorea peke yake ndani ya lori. Nikabadilisha neno la siri, nikamtoa. Leo siku ya nne hajapiga simu, ananiandikia tu “nipo salama”.

Nimekosea, Mama? Au mimi ni mjinga kulilia tamthilia?

Mke wa Dereva, Mlandizi

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na asante kwa kuniamini.

Wewe si mjinga. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale kwenye “tatu, mbili, moja”. Mume na mke wengine wana sebule, wana meza ya chakula, wana kibaraza cha kukaa jioni wakisengenya majirani. Ninyi kwa mwezi mzima hamna hata kimoja, mna saa moja tu ya usiku. Mwenzako ameingia kwenye saa hiyo peke yake na wewe umekuta nyayo zake. Hilo linauma, na lingemuuma yeyote.

Nayajua haya kwa sababu niliyaishi kwa namna nyingine. Marehemu mume wangu alikuwa mfanyakazi wa reli ya TAZARA, kituo chake Makambako, mimi nikiwa Temeke na watoto. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilipoanza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, ulikuja mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara. Yeye anasikiliza kule kwenye baridi, mimi nasikiliza huku na feni ya mkono. Simu hatukuwa nazo. Barua yake ikifika, ukurasa wa kwanza ni hela na ada za shule, na ukurasa wa pili wote ni mchezo wa redio: nani kasema nini, nani kakosea, ingekuwa mimi ningefanyaje. Bado ninazo baadhi ya barua zile, na zinazonitoa machozi leo ni za ukurasa wa pili.

Ila sisi tulikuwa na msaada ambao ninyi hamnao. Redio haikumruhusu kunipita. Hata angetaka vipi, Makambako na Temeke tulipewa kipande kilekile saa ileile. Netflix ilipofika kwetu Januari 2016, watu wengi tulikuwa bado na mazoea ya kungoja wiki iishe ndipo tujue yaliyompata mhusika. Sasa tamthilia yote 16 imelala kwenye simu, na kinachomzuia mtu ni ahadi yake tu. Ahadi ya namna hiyo ni ngumu kuliko mnavyodhani mnapoitoa, na ninyi mmeishika tangu mwaka juzi. Usilisahau hilo ukiwa na hasira.

Nije kwa shoga yako. Kwenye mchezo ule wa redio kulikuwa na Mkwaju, dereva wa lori, mwenye wanawake njia nzima, na mwisho akaugua. Ulifanya kazi nzuri sana wakati ule, watu walijifunza kujilinda na UKIMWI. Lakini watu wa rika langu tulibaki tukimwona Mkwaju kwenye kila kichwa cha lori, na watoto wetu wameurithi wasiwasi huo bila hata kuusikia mchezo wenyewe. Shoga yako hamjui mumeo, anamjua Mkwaju. Historia ya Netflix inakuonyesha jina la kipindi na tarehe. Haionyeshi nani alikuwa amekaa pembeni, na hakuna mtu wa Mlandizi anayeweza kuijazia hapo palipo wazi. Kama una sababu nyingine ya kumshuku mumeo, niandikie tena, hiyo tutaizungumza kwa uzito wake. Katika barua hii sijaiona.

Tena hizo episodi nne za usiku mmoja, usizihesabu zote kuwa ameziangalia. Episodi ikiisha, inayofuata inaanza yenyewe baada ya sekunde chache, mtu asipogusa kitu. Itaendelea hivyo kadhaa mpaka simu yenyewe imuulize kama bado anatazama. Mtu aliyejilaza kwenye kitanda cha nyuma ya usukani, simu kifuani, anaweza kusinzia katikati ya ya tisa na historia ikaandika ya kumi na ya kumi na moja. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema hata wewe hujui, na mwenye jibu ni yeye.

Lakini kama kweli aliziangalia zote, basi kuna jambo lililonishtua kuliko hilo la kukuacha nyuma, nawe hukuligusa kabisa. Piga hesabu. Episodi moja ya Kikorea inakaribia saa nzima, nyingine inapita. Nne mfululizo kuanzia saa tatu ni mpaka saa saba au saa nane za usiku. Foleni ikifunguka alfajiri, huyo ndiye anayeshika usukani wa semi lenye mzigo. Na njia ya kurudi kwako inashuka mlima Kitonga, kule Iringa. Mwanangu, mimi nimeishuka Kitonga kwenye basi mchana kweupe, nikaona chini kabisa mabati ya lori lililokosa kona, na mwenzangu wa kiti cha dirishani akafunga pazia. Dereva wa pale anahitaji macho yote mawili.

Usifikiri ni uvivu wa mumeo peke yake. Mwaka 2017 aliyekuwa mkuu wa Netflix, Reed Hastings, alisema wazi mbele ya wawekezaji kwamba wao wanashindana na usingizi. Alikuwa anazungumzia biashara yake. Mimi nikimsikia namfikiria mtu aliyepaki Kasumbalesa, siku ya tatu haijasogea hata gari moja, jua la mchana limemchosha na usiku hauna cha kufanya. Anabonyeza ya nane akijiambia ni dakika kumi tu. Naweza kumwelewa kabisa.

Nisichokikubali ni “mtandao mbovu”. Hapo alikudanganya. Ni uongo mdogo, lakini aliusema ili apate nafasi ya kuvunja makubaliano, na ulipomshika akayafanya makubaliano yenyewe kuwa si kitu. “Si tamthilia tu hiyo?” Mtu anayepaki semi akaifuata saa ya Mlandizi wakati saa ya kule inasema vingine, hawezi kuamini kwamba ni tamthilia tu. Naona aliona haya. Wanaume wengi wakiona haya wanalipunguza jambo mpaka lionekane halistahili kuulizwa. Mwambie hivyo, kwa upole, lakini mwambie.

Sasa neno la siri. Ndiyo, hapo umekosea, na nakusemesha kama binti yangu. Ulikuwa na haki ya kukasirika, ukaitumia kumfungia mlango wa chumba pekee mlichokuwa mnakutana. Yeye amefanya nini? Amekaa nje, anaandika “nipo salama”. Yasome vizuri hayo maneno mawili. Amenyamaza kwa hasira au kwa aibu, lakini hajataka ulale na hofu kwamba amepata ajali. Mtu wa namna hiyo bado yuko ndani ya nyumba.

Kwa hiyo leo, kabla ya saa tatu, mtumie neno la siri jipya bila sharti. Kisha mrekodie sauti, usiandike, kwa sababu maandishi hayana pumzi ya mtu. Ungekuwa hapa ningekuambia useme hivi: “Baba fulani, nimekufungulia. Nilikasirika kwa sababu saa tatu ndiyo saa yangu ya kuwa na wewe, na uliniambia hakuna mtandao. Siku nyingine ukitaka kuendelea niambie tu. Na usiku ule ulilala saa ngapi?” Hilo swali la mwisho liache mwishoni na usiongeze neno. Usimwulize alikuwa na nani. Ukiuliza hivyo atajibu la shoga yako, la kwako litabaki bila jibu.

Akipiga, na naamini atapiga, kuna mambo ya kurekebisha kwenye simu zenyewe. Akaunti moja inabeba mpaka profaili tano, ninyi mmekaa wote kwenye moja. Mpe ya kwake. Foleni ni ndefu, ana haki ya kuwa na muvi zake za ngumi na chochote anachokipenda bila wewe kukisoma asubuhi kama gazeti. Nawe uwe na yako. Ile ya Sisi ibaki kwa ile tamthilia tu. Halafu ufungue akaunti kwenye kivinjari, uende kwenye mipangilio ya profaili, sehemu ya uchezaji, uzime ile ya kuanza yenyewe. Fanya hivyo kwa profaili zote, hasa ya kwake, na umwambie umefanya na kwa nini. Kuhusu bando, kwenye programu ya simu kuna chaguo la kubana data ambapo GB moja inakwenda kama saa sita. Picha si kali sana, lakini maandishi ya chini yanasomeka. Akipata waifai mahali, apakue ya usiku huo mapema ili mtandao usiwe tena sababu, si ya kweli wala ya kubuni.

Utaniuliza, na hizo tano alizonipita? Wengine watakushauri uzikimbize peke yako ili mlingane. Mimi sitaki. Utaziangalia kwa kisirani, utakuwa unasaka kilichomfanya asikungoje, hadithi yenyewe hutaisikia. Yeye ndiye arudi nyuma. Arudi mpaka ya nane, aanze na wewe upya, na adhabu yake iwe kufunga mdomo asikuambie yatakayotokea. Marehemu mume wangu mara moja alikuja likizo akiwa amesikia kipande ambacho mimi nilikikosa kwa sababu mtoto alikuwa na homa. Alikaa siku mbili bila kusema, nami namwona anavyotamani, kila nikitaja jina la mhusika anageukia dirishani. Nilifurahi vile hadi leo nikikumbuka natabasamu.

Jambo moja la mwisho, na hili mkubaliane kabla ya kubonyeza chochote. Kila usiku, kabla ya “tatu, mbili, moja”, akuambie kesho anaondoka saa ngapi. Kama foleni haisogei, angalieni, hata mbili mkitaka, ilimradi ni wote. Kama anaondoka saa kumi alfajiri, usiku huo hakuna Korea. Mrekodie mtoto akimsimulia alichokula, mtumie, na umwache alale.